Simu yako mbovu huishia wapi? Jua jinsi taka za elektroniki zinavyochakatwa

NI nyumba chache mno mijini ambazo hazina kifaa cha umeme kilichokufa. Huenda ni simu iliyopasuka kioo, redio iliyonyamaza, pasi iliyoungua, chaja tatu zisizojulikana ni za nini, au televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa ambayo siku hizi imefunikwa kitambaa na kuwekewa maua juu yake. Mwenye nyumba hana haja navyo, lakini kuvitupa anaona uchungu. Kisha siku moja hupita mnunuzi wa vyuma vikuukuu na mkokoteni wake, bei ikapatanwa, na vitu hivyo vikaondoka.

Wengi wetu hudhani habari imekwishia hapo. Kwa daktari, hapo ndipo inapoanzia.

Kifaa kinapotoka mlangoni pako kinaweza kushika mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza huenda katika kituo ambako kitabomolewa kwa utaratibu, sumu yake itolewe na kuhifadhiwa, na madini yake yarudi kutumika. Ya pili huishia kando ya mto au jaa la taka, ambako kitatiwa kiberiti. Shaba inayopatikana kwa njia hizi mbili huuzwa katika soko moja na huishia katika waya zilezile mpya. Tofauti yake utaiona katika damu ya watoto wanaoishi karibu na pale ilipotolewa.

Katika makala haya nitakueleza njia zote mbili, nikuonyeshe jinsi sumu inavyoingia mwilini, kisha tutazame jambo ambalo wewe msomaji unaweza kulifanya bila gharama kubwa.

TAKA HIZI NI ZIPI?

Taka za elektroniki ni kifaa chochote kinachotumia umeme au betri ambacho mwenyewe hakihitaji tena. Simu na kompyuta ndizo zinazotajwa sana, lakini orodha ni ndefu: rimoti, tochi, taa, feni, jokofu, mashine ya kusaga matunda, saa ya mkononi, vifaa vya kuchezea watoto, na paneli za umeme wa jua pamoja na betri zake.

Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi katika mwaka 2022 pekee. Ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa kwa njia inayofaa. Barani Afrika kiwango hicho hakikufikia hata asilimia moja. Nyingi ya zilizobaki zilitupwa, zikafichwa kabatini, au zikapita mikononi mwa watu wanaozibomoa bila kinga yoyote.

DHAHABU NA SUMU CHINI YA KIFUNIKO KIMOJA

Kwa nini mtu ahangaike na simu iliyokufa? Kwa sababu ndani yake mna mali. Fungua kifaa chochote na utaona ubao mdogo, aghalabu wa rangi ya kijani kibichi, uliojaa vitu vidogo vilivyolehemiwa. Mafundi wetu huuita bodi. Njia zake za umeme ni za shaba, na katika sehemu zinazogusana hutiwa dhahabu kidogo kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Humo pia mna fedha na paladiamu.

Dhahabu hiyo ni chembe tu katika simu moja. Lakini tani moja ya simu zilizotolewa betri hukadiriwa kuwa na gramu zipatazo 300 za dhahabu, ilhali tani moja ya mawe ya mgodi wa kawaida hutoa gramu tano hivi, na mara nyingi chini ya hapo. Wajapani walilithibitisha jambo hili mbele ya ulimwengu. Kati ya mwaka 2017 na 2019 walikusanya tani zaidi ya 78,000 za vifaa vidogo vya umeme, zikiwemo simu zipatazo milioni sita, wakapata dhahabu kilo 32 na fedha kilo 3,500. Kutokana nazo zilitengenezwa medali zote za Michezo ya Olimpiki ya Tokyo.

Upande wa pili ni sumu. Nazungumzia hasa madini ya risasi, ambayo hayahusiani na bunduki. Risasi ilikuwa sehemu kubwa ya waya wa kulehemu hadi nchi za Ulaya zilipoipiga marufuku katika vifaa vingi vipya kuanzia Julai 2006, na vifaa vikuukuu bado vinayo. Kioo cha nyuma cha televisheni zile zenye mgongo kina risasi nyingi, ambayo iliwekwa ili kumkinga mtazamaji na miale. Taa za mrija na zile zilizojikunja zina zebaki. Betri kadhaa za zamani za kuchajiwa zina kadmiamu. Plastiki ya vifaa vingi imechanganywa na kemikali zenye bromini ili isishike moto upesi.

Msomaji usishtuke ukaitupa televisheni yako leo. Sumu hizi zikiwa ndani ya kifaa kizima hazimdhuru anayekitumia. Hatari huanza kifaa kinapovunjwa, kusagwa au kuchomwa.

NJIA YA MKATO: MOTO NA ASIDI

Mtu asiye na mtambo lakini mwenye njaa hutafuta njia ya mkato. Waya akiuchuna kwa kisu huchukua muda, basi huzikusanya nyaya, huziwasha kwa kipande cha gurudumu au sponji, na baada ya dakika chache plastiki imeteketea na shaba imebaki jivuni. Bodi hupashwa moto juu ya jiko la makaa ili vitu vilivyolehemiwa vilegee na kung'oka. Anayetaka dhahabu huitumbukiza bodi katika asidi kali, kisha maji yaliyobaki humwagwa mtaroni. Televisheni hupondwa kwa jiwe ili itolewe shaba iliyozungushiwa shingo ya kioo, na kioo chenyewe huachwa papo hapo, watoto wakikikanyaga.

Plastiki ya waya ina klorini. Ikichomwa pamoja na shaba hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi, ambayo inaweza kusababisha saratani na kuvuruga homoni. Moshi huo pia hubeba chembe za risasi ambazo huanguka juu ya udongo, nguo, mboga na vyombo.

Mahali palipojulikana sana barani Afrika kwa kazi hii ni Agbogbloshie, katika jiji la Accra nchini Ghana. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2019, watafiti walichukua mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia chakula katika eneo hilo. Waligundua kwamba mtu mzima akila yai moja tu angepata dioksini mara 220 ya kiwango ambacho wataalamu wa chakula wa Ulaya wanakiruhusu kwa siku. Kuku hakuchoma waya. Alidonoa udongo tu. Mwaka 2021 serikali ilibomoa soko hilo la vyuma, lakini uchomaji ulihamia sehemu za karibu.

Hapa kwetu hatuna mahali pamoja penye sifa kama hizo, bali tuna vijimahali vingi vidogo. Anayeishi karibu na jaa la Dandora, au karibu na yadi yoyote ya vyuma vikuukuu, anaifahamu harufu ya waya unaoungua jioni.

NJIA NDEFU: HATUA KWA HATUA

Sasa tufuate kifaa kilichobahatika kupelekwa mahali panapofaa. Jijini Nairobi kituo cha WEEE Centre kimekuwa kikiifanya kazi hii tangu mwaka 2012, na utaratibu wake haupishani sana na ule wa vituo vingine duniani.

Hatua ya kwanza ni kupokea na kupima. Kila shehena hupimwa uzito na kuandikwa, ili ijulikane kilichoingia na kilichotoka. Kompyuta na simu hufutwa kumbukumbu zake, ama diski hutobolewa, ili siri za mwenyewe zisimfikie mtu mwingine.

Hatua ya pili ni kuchambua. Kifaa kinachoweza kutengenezeka hutengenezwa na kuuzwa au kupelekwa shuleni. Hii ndiyo njia bora kupita zote, kwa sababu hakuna kinachovunjwa wala kuyeyushwa. Fundi wa mtaani anayeifufua simu yako anafanya kazi hii kila siku, ingawa hakuna anayemsifu.

Hatua ya tatu, na kwa maoni yangu ya kidaktari ndiyo muhimu kuliko zote, ni kuondoa sumu kabla ya kitu kingine chochote kuguswa. Betri hutolewa. Taa zenye zebaki hutolewa nzima bila kuvunjwa. Gesi ya jokofu hufyonzwa kwa mashine ili isiponyoke hewani. Televisheni yenye mgongo hukatwa kwa uangalifu ili kioo cha mbele kitengane na kile cha nyuma chenye risasi, huku unga uliopakwa ndani ukifyonzwa. Kila kimoja huwekwa katika chombo chake. Wafanyakazi huvaa glavu, miwani na barakoa, na nguo za kazi hubaki kazini.

Hatua ya nne ni kubomoa kwa mkono. Kwa bisibisi na koleo, mfanyakazi hutenganisha chuma, alumini, plastiki, nyaya na bodi. Mkono wa binadamu bado unaishinda mashine hapa, kwa sababu jicho hutambua kwa haraka kilicho na thamani.

Hatua ya tano ni kusaga na kutenganisha. Vilivyobaki hukatwakatwa vipande vidogo na kupitishwa juu ya mkanda. Sumaku huvuta chuma. Kisha kuna sumaku nyingine inayozunguka kwa kasi mno, ambayo huvirusha mbele vipande vya alumini na shaba ijapokuwa sumaku ya kawaida haivishiki. Plastiki hutenganishwa kwa maji: nyepesi huelea, nzito huzama. Nyaya husagwa zikiwa baridi, shaba ikaenda huku na plastiki kule, bila moto wowote.

Hatua ya sita ni bodi. Vituo vyetu vya Afrika Mashariki hubomoa na kutenganisha, lakini kuyeyusha bodi ni kazi ya viwanda vichache vikubwa vya ng'ambo, mathalan kile cha Hoboken karibu na Antwerp nchini Ubelgiji na kile cha Rönnskär nchini Sweden. Bodi huingizwa katika tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Shaba iliyoyeyuka huivuta dhahabu, fedha na paladiamu ndani yake, kama vile mafuta yanavyoivuta harufu ya kitunguu. Shaba hiyo humiminwa kuwa mabamba, yakatiwa katika maji ya asidi, na umeme ukapitishwa. Shaba safi huhamia bamba jingine, na dhahabu na fedha huanguka chini kama tope, ambalo husafishwa peke yake. Moshi wa tanuri huchomwa tena kwa joto kali, ukapozwa ghafla ili dioksini isipate nafasi ya kujiunda, kisha ukachujwa kabla ya kutoka nje.

Betri za simu nazo zina njia yake. Huondolewa chaji, husagwa mahali pasipo na oksijeni ya kutosha kuwasha moto, na kubaki unga mweusi wenye kobalti, nikeli na lithiamu, ambao huyeyushwa kwa kemikali na kutengenezwa betri nyingine.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba penye mitambo mikubwa hapana hatari. Watoto wanaoishi jirani na kiwanda cha Hoboken hupimwa risasi katika damu mara kwa mara. Mwaka 2020 vipimo vilipoonyesha kuwa kiwango kimepanda, wakazi walijulishwa, na mwaka uliofuata kampuni ilijitolea kuzinunua nyumba zilizo karibu zaidi na kiwanda ili mahali pake paoteshwe mimea. Kiwanda kizuri hutambulikana kwa sababu kuna mtu anayepima, na kipimo kikiwa kibaya hatua huchukuliwa.

YALIYOTUPATA MOMBASA

Sisi tuna mfano wetu wa mahali ambapo hakuna aliyepima mapema. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi, ukuta wake ukiwa umepakana na nyumba za watu wapatao 3,000. Moshi ulitua juu ya mabati, na maji machafu yalipita milangoni. Mwanamke aliyekuwa ameajiriwa hapo, Phyllis Omido, alimwona mtoto wake mchanga akiugua bila kupona, na damu ya mtoto ilipopimwa ikapatikana kuwa na risasi. Alianza kudai watoto wengine wapimwe. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya mvutano wa rufani, Mahakama ya Juu iliurudisha uamuzi huo Desemba 2024.

Fedha haziirudishi akili iliyoharibika. Lakini kesi hiyo inatufunza jambo moja: kuchakata, ambako kwa jina ni kazi ya kuyasafisha mazingira, kukifanywa ovyo kunaweza kuutia sumu mtaa mzima.

JINSI RISASI INAVYOMWINGIA MTOTO

Risasi huingia kwa njia mbili kubwa: kuvuta hewa yenye moshi au vumbi, na kumeza. Kwa mtoto mdogo, kumeza ndiko kunakotisha zaidi. Mtoto hutambaa, hugusa sakafu, kisha hutia vidole mdomoni. Tumbo lake hunyonya risasi mara nne au tano zaidi ya tumbo la mtu mzima. Akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalisi, jambo ambalo ni la kawaida kwa watoto wetu, hunyonya zaidi hata ya hapo, kwa kuwa mwili huidhania risasi kuwa ndiyo kalisi unayoitafuta.

Wala si lazima mtoto afike penye moto. Chukua mfano wa baba anayechoma nyaya mchana kutwa. Jioni hurudi nyumbani na vumbi katika nguo, viatu na nywele. Mtoto humkimbilia na kumkumbatia. Nguo hizo huloweshwa katika beseni moja na nepi. Baba huyo anampenda mtoto wake, na kwa kumpenda ndiyo maana anaifanya kazi hiyo.

Ikishaingia, risasi huzunguka katika damu kwa majuma kadhaa, kisha hujificha ndani ya mifupa kwa miaka mingi. Mwanamke aliyeimeza utotoni anaweza kuipitisha kwa mwanawe akiwa mjamzito, pale mwili unapochota kalisi kutoka mifupani. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake.

Katika ubongo unaokua, risasi huvuruga mawasiliano ya neva. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, hawezi kutulia, husahau upesi na hukasirika bila sababu. Mwalimu humwita mtundu, na mzazi humchapa. Hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtu mzima naye hupatwa na shinikizo la damu, maradhi ya figo, maumivu ya viungo na upungufu wa nguvu za uzazi.

DALILI, KIPIMO NA TIBA

Ubaya wa risasi ni kwamba kwa muda mrefu haionyeshi dalili. Zikitokea, hufanana na za maradhi mengine: tumbo kuuma na kufunga choo, kukosa hamu ya chakula, uchovu, kichwa kuuma, na ngozi kupauka kwa upungufu wa damu. Mtoto akipewa dawa za minyoo na za kuongeza damu mara tatu bila kupata nafuu, daktari anapaswa kuuliza mzazi anafanya kazi gani. Asipouliza, mwambie mwenyewe. Mtoto akipatwa na kifafa au akizirai, hiyo ni dharura ya hospitali.

Njia ya kujua ni kupima damu inayotolewa katika mshipa. Kipimo hiki hakifanywi katika kila zahanati, lakini daktari wako anaweza kupeleka damu katika maabara kubwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba mtu yeyote akipatikana na mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto akifikia 45, hutibiwa kwa dawa zinazoishika risasi na kuitoa kwa mkojo.

Dawa hizo zina mipaka yake. Huokoa maisha, lakini hazirudishi kile ambacho ubongo umekwisha kupoteza. Isitoshe, mtoto akitibiwa kisha akarudishwa katika nyumba ileile yenye vumbi, kiwango hupanda tena. Kumwondolea chanzo ndiyo tiba ya kwanza.

Wengi huniuliza kama kunywa maziwa huondoa sumu ya moshi. La. Maziwa huenda tumboni na moshi uko mapafuni. Maziwa, omena, maharagwe na mboga za kijani humsaidia mtoto kwa njia nyingine, kwani mwili ulioshiba kalisi na chuma hunyonya risasi kidogo. Ni lishe nzuri, lakini haimpi mtu ruhusa ya kuendelea kuvuta moshi.

UFANYE NINI WEWE?

Huenda wewe msomaji huchomi waya wala huishi karibu na jaa. Lakini ni kutoka nyumbani mwako na afisini mwako ambako taka hizi hutoka. Zingatia haya:

1. Tengeneza kabla ya kutupa. Simu yenye kioo kilichopasuka si taka. Kifaa kikidumu miaka miwili zaidi, ni kimoja kisichohitaji kuvunjwa.

2. Usitie kifaa cha umeme au betri katika pipa la takataka za jikoni, wala usichome. Weka katoni moja kavu, mbali na watoto, na ikijaa ipeleke katika kituo kinachopokea taka za elektroniki. Wakazi wa ploti au chama kimoja wanaweza kukusanya pamoja na kugawana nauli.

3. Unapomuuzia mnunuzi wa vyuma, muulize huziondoaje nyaya plastiki yake. Usimtukane. Mwambie kwamba shaba iliyochunwa hupata bei nzuri kuliko iliyoungua, jambo ambalo huenda analijua. Hata kule Agbogbloshie zilipelekwa mashine za kuchuna nyaya ili watu wapate riziki bila moto.

4. Ikiwa wewe ni mwajiri au msimamizi wa shule, usiziuze kompyuta kuukuu kwa mnada bila kujua zinakokwenda. Dai hati inayoonyesha kwamba zimepokewa na kuchakatwa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawataka wanaotengeneza na kuingiza bidhaa nchini wabebe jukumu la taka zitokanazo na bidhaa hizo. Ukinunua nyingi, muulize muuzaji atazichukuaje zikichakaa.

5. Fundi anayefanya kazi nyumbani asilehemu katika chumba cha kulala wala jikoni. Moshi wa kulehemu huwasha mapafu, na risasi hubaki vidoleni. Aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula, abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Vumbi la mezani lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa. Ufagio huliinua hewani.

6. Taa yenye zebaki ikivunjika, watoe watoto, fungua madirisha na usubiri robo saa. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, vumbi ulinase kwa utepe wa kunata, kisha utie vyote katika chupa yenye kifuniko.

7. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe wala kuifinya, na usiichaji tena. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto hadi uipeleke kituoni.

8. Betri ndogo za mviringo zifiche kama unavyoficha dawa. Mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo kwa saa mbili tu. Usimtapishe, mkimbize hospitalini mara moja.

Kuna watakaosema kwamba suala hili ni la serikali. Ni kweli kwamba sheria inahitaji mwenye nguvu wa kuisimamia. Tangu Januari 1, 2025, chini ya Mkataba wa Basel, nchi yoyote inayotaka kusafirisha taka za elektroniki kwenda nchi nyingine ni lazima ipate kwanza idhini ya nchi hiyo, iwe taka hizo ni za sumu au si za sumu. Hilo litapunguza makontena ya uchafu yanayoletwa bandarini kwa jina la msaada. Lakini hakuna mkataba unaoweza kuingia sebuleni mwako na kuamua simu ile iliyokufa impewe nani.

Uamuzi huo ni wako. Kwa hiyo, siku mnunuzi atakapopita tena na mkokoteni wake, usimuulize bei peke yake. Muulize pia waya huu ataupeleka wapi.